Kochi la Kijani

Tangu Alhamisi fundi makochi alimwambia mkewe neno moja tu: "Kochi lile la kijani usiliguse." Sababu hakutoa. Mke, mshonaji wa vitambaa vyote vya karakana yao, aliguna akaendelea na cherehani.

Jumatatu asubuhi polisi waliingia. Walikwenda moja kwa moja kwenye kochi la kijani, wakalichana mkono kwa juu na kutoa bastola. Walimfunga pingu, wakaondoka naye.

Mke aliketi sakafuni. Usiliguse, alisema. Kumbe ndiyo maana? Miaka kumi na tisa ya ndoa, na leo hajui amekuwa akilala na nani. Akachukua kiberiti. Afadhali alichome kochi hilo la aibu, yaishe.

"Dada, weka kiberiti chini." Alikuwa jirani yao wa ukuta mmoja, mwanamke wakili.

"Nani kakuita? Nyinyi na polisi si lenu moja?"

"Hakuna aliyeniita. Ukilichoma, umechoma utetezi wa mumeo, na wewe mwenyewe utashtakiwa kwa kuharibu ushahidi."

"Na kama bastola ni yake?"

"Hilo ataamua hakimu. Atataka kujua kama mumeo alijua imo. Sasa nakwenda kituoni kumwambia ana haki ya kunyamaza mpaka niwe naye. Na asitie saini maelezo ambayo hajayasoma."

Mke alimtazama kwa jicho la pembeni. Maneno matamu kila mtu anayo. Lakini mshonaji ni mshonaji; akainama kuutazama mshono wa chini ya ule mkono uliochanwa. Ulikuwa mzima. Ulishonwa kwa mshipi wa kuvulia samaki, na vumbi la miaka lilikuwa limegandia juu yake.

"Mume wangu hashonei mshipi," alisema polepole. "Afadhali alale njaa. Na kochi limefika Alhamisi tu. Mwenye kochi alitia saini kwenye daftari letu la kazi."

"Basi usiguse kitu," wakili akasema. "Nitaomba mahakama ilione hivyo hivyo lilivyo."

Hakimu aliuona mshono, akaiona na saini: bastola ilishonewa humo kabla kochi halijamfikia fundi. Baada ya miezi mitatu fundi aliachiwa huru.

Njiani mkewe alimuuliza, "Kwa nini ulinikataza kuligusa?"

"Kunguni," fundi alisema, akitazama viatu vyake. "Niliona haya kukwambia nimetuletea kunguni."

Mke alicheka mpaka akalia. Kisha akasema, "Mimi nilikushuku."

"Najua. Nimeambiwa habari za kiberiti."

Siku hizi kila kochi linafunguliwa mbele ya mwenyewe kabla halijapokewa, na pande zote mbili zinatia saini. Juzi mteja mmoja alinuna. "Yaani mnanishuku mimi?"

"Usijali, baba," mke alimjibu, mkasi mkononi. "Hapa tulianza kumshuku mwenye karakana."