Mwanamke wa Nyuma ya Mlango

"Rudia hapo, mwalimu."

Aliyesema ni Mzee Mwishehe, na barazani kwa Mzee Kibwana neno hilo halikutolewa ovyo. Watu wa Kisarawe wa miaka ile, vita ya Hitla ikiwa imekwisha juzijuzi tu, walikuwa na mizani yao ya kupimia vitabu. Kitabu kikiwa kibaya, mtu anaaga kwamba ana mbuzi wa kufunga. Kikiwa cha wastani, watu wanapiga miayo na kuisifu kahawa. Kikiwa kizuri, mmoja anasema rudia hapo, na msomaji anaurudia ukurasa. Vitabu vingi vilipita kwenye baraza ile bila kuombwa hivyo.

Msomaji alikuwa Matano, mwalimu wa shule, kijana wa Kongowe ya upande wa Kibaha. Kitabu kilikuwa chake mwenyewe, kimetoka mtamboni bado kinanuka wino. Alirudia kwa sauti ya kutulia.

"'Kila jioni alisikia makubadhi ya mumewe yakikaribia. Alisimama nyuma ya mlango, mkono juu ya komeo, asifungue. Kwanza aliutengeneza uso. Aliitafuta furaha, akaivaa, akahakikisha imekaa sawa, ndipo akafungua. Mumewe akasema, wewe mke una bashasha. Na miaka ikaenda hivyo.'"

Wazee wakaguna kwa kuridhika. Mmoja akasema kijana huyu ana macho, na Mzee Kibwana, mwenye nyumba, akatazama huku na huku kama aliyekiandika yeye.

Uani, upande wa pili wa ukuta, wanawake walikuwa wakichambua mchele wa arusi. Arusi ilikuwa ya Mwanamkuu, binti wa Mzee Kibwana, na bwana arusi ndiye huyo huyo mwalimu anayesoma. Mwanamkuu alikuwa ameketi karibu na somo wake, Bi Swaumu, yule aliyemfunda alipokuwa mwali ndani na ambaye ndiye angemshika mkono siku ya kumwingiza chumbani kwa mumewe. Maneno yale yalipopita ukutani mara ya kwanza, Mwanamkuu aliacha kuchambua. Yalipopita mara ya pili, hakuthubutu kugeuza shingo.

Bi Swaumu alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauweka ungo chini taratibu, asimwage hata punje, akajifunga kanga yake akatoka kwa mlango wa nyuma. Hakumtazama mtu. Wanawake wengine walitazamana, na kwa kuwa somo akiuacha mchele wa mwali wake si jambo la mchezo, nao wakainuka mmoja mmoja wakaenda zao.

Bi Swaumu alikuwa mke wa Mzee Mwishehe.

Hapo sina budi kurudi nyuma kidogo, maana mtu anaweza kudhani Matano alikuwa mwovu tangu mwanzo. Hakuwa. Alikuwa kijana mpole, na alimpenda Mwanamkuu kwa kweli, ila alikuwa na kiu moja tu duniani, nayo ni kuandika kitabu kikaitwa kitabu. Mara ya kwanza aliupeleka mswada wake kwenye kamati ya mjini iliyokuwa ikichagua miswada ya kuchapwa. Ukarudi. Wakaguzi walimwambia kwamba lugha yake ni safi, lakini watu wake hawana damu, na wanawake wake ni kama picha zilizobandikwa ukutani. Akaujaribu barazani. Wazee wakaaga kwamba wana mbuzi wa kufunga.

Alikonda. Mwanamkuu alimwona akikonda na moyo ukamuuma. Mzee Kibwana, aliyependa vitabu kuliko alivyopenda kuchunga mila, alikuwa akiwaruhusu wachumba hao kuzungumza kwenye mlango wa ua, shangazi akiwa pale anamenya kunde. Shangazi naye alikuwa mtu wa kusinzia. Hapo ndipo Matano alipomwomba amweleze maneno wanayoambiana wanawake ndani, wanawali na kina somo wao.

Mwanamkuu alikataa. Wanawali wa Uzaramo hulishwa kiapo, na ya ndani huzikwa nayo mtu. Siku nyingine akaombwa tena, akakataa tena. Matano hakukasirika, alinyamaza tu na kutazama mikono yake, na kule kunyamaza ndiko kulikomshinda binti wa watu.

"Sitaandika," Matano alisema. "Nataka kuelewa tu. Nitaandikaje mwanamke nami sijui hata mmoja?"

Yale wanayofundishwa wanawali wote Mwanamkuu hakuyasema, na mimi siyajui wala sitaki kuyajua. Alichosema ni kimoja, tena si cha mila. Ni neno la Bi Swaumu mwenyewe. Siku ya mwisho ya kukaa ndani, somo yule alilia, akamwambia mwali wake kwamba hakuwahi kumpenda mumewe, na kwamba kila jioni husimama nyuma ya mlango akautengeneza uso kabla ya kufungua. Alimwambia ili ajue ndoa inaweza kuwa hivyo na mtu akaishi. Mwanamkuu alidhani akimpa Matano neno hilo dogo amempa kitu cha kumponya, basi. Alimpenda. Angempa hata macho yake.

Na kweli Matano akapona. Mswada wa pili ulipokewa kwa shangwe, na wakaguzi wakaandika kwamba ukurasa wa mwanamke wa nyuma ya mlango peke yake unatosha kukifanya kitabu kiwe na thamani. Matano alimsomea Mwanamkuu sifa hizo zote isipokuwa hiyo moja.

Asubuhi iliyofuata usomaji ule wa barazani, Mwanamkuu alikwenda kwa Bi Swaumu. Alimkuta anafagia mahali palipokwisha fagiwa.

"Shikamoo, somo."

"Marahaba."

Hakukaribishwa. Akasimama pale pale. Alikuwa amepanga maneno njia nzima, na yote yakapotea.

"Nilimwambia yeye tu," akasema mwisho. "Aliniahidi kwamba hataandika."

"Mimi pia nilimwambia mtu mmoja tu."

Bi Swaumu aliendelea kufagia. Alipofika kwenye kizingiti akaacha, akaegemea ufagio.

"Unajua jana mume wangu alifikaje? Hakupiga hodi. Nilisikia makubadhi yakija, kisha kimya. Mimi ndani, yeye nje. Nikasubiri abishe. Habishi. Kisha akasema kwa upole tu, 'Swaumu, tengeneza basi. Nasubiri.'"

Mwanamkuu akajifunika uso kwa kanga.

"Hajanipiga. Hajanitukana. Ni mtu mwema, Mwanamkuu, nilikwambia siku ile kwamba ni mtu mwema. Leo alfajiri amekwenda shamba la Maneromango na hakusema atarudi lini. Mwanamume yule ameishi na furaha yangu miaka yote. Ilikuwa ya kutengenezwa, lakini alikuwa akiila na kushiba. Sasa mmemwambia ilikuwa nini."

"Nifanye nini, somo? Niambie, nitafanya."

"Huna la kufanya. Mimi sikuingizi. Na usihangaike kumtafuta mwingine, wenzangu wameshajua kwamba ya ndani yametoka. Sikuwaambia ni yapi. Inatosha kwamba yametoka."

Maana ya maneno hayo Mwanamkuu aliijua. Bila somo, bi arusi wa pale haingizwi chumbani, na asiyeingizwa, hata sheikh akisoma hotuba mpaka jua lichwe, kwa wanawake wenzake hajaolewa. Hatakuja mtu kumkanda akizaa. Hatafuatwa siku ya msiba wake. Alirudi nyumbani akilia njiani waziwazi, na wanawake aliokutana nao walimpisha kama mtu aliyebeba maji ya moto.

Lakini bado alikuwa na tumaini moja, nalo lilikuwa Matano. Alijiambia kwamba hajui alichofanya, na akijua atakwenda mjini mwenyewe kuukomboa ukurasa ule. Vitabu vilivyotoka vilikuwa vichache, vya kwanza kwanza. Vingine vilikuwa havijapigwa chapa. Alimngoja kwenye mlango wa ua, na alasiri Matano akaja na kitabu kwapani, uso unang'aa. Shangazi hakuwapo. Naye alikuwa amesikia, akajiondokea.

Mwanamkuu akamweleza yote, na Matano akaketi chini.

"Nilibadili jina," akasema. "Nikamfanya mtu wa pwani huko, tena mnene. Nilidhani hatajulikana."

"Ulibadili jina, mwalimu. Mlango hukuubadili."

"Sikujua kama Mzee Mwishehe angeelewa."

"Ni mlango wake. Anaungojea kila siku."

Mwanamkuu akapiga magoti mbele yake, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia mtu asiye mzazi wake.

"Nenda mjini. Waambie wautoe ukurasa ule kabla hawajachapa vingine. Nitamwendea somo, nitalala mlangoni kwake mpaka anisamehe. Lakini lazima niende na kitu mkononi."

"Wanataka kukiingiza mashuleni, Mwanamkuu. Nchi nzima."

"Ndiyo maana nakuomba leo."

"Nikiutoa ukurasa ule," Matano alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeona uchungu wa kweli, "kinabaki kile walichonirudishia. Unakikumbuka. Wazee walikimbilia mbuzi. Ukurasa ule ndio kitabu, kwingine kote nimeandika mimi."

Alikuwa anasema kweli, na ukweli huo ulimuuma Mwanamkuu kuliko uongo wowote, kwa sababu naye alikisoma. Usiku uliopita hakulala, alichukua nakala ya baba yake akakisoma chote.

Matano akasogea karibu. Akamwambia waende Kongowe wakaoane huko kwa wazazi wake, ambako hakuna anayemjua Bi Swaumu. Akasema watu husahau. Akasema mengi, mazuri, na baadhi yake yangeweza kufaa. Kisha, katikati ya maombi hayo, akauliza swali ambalo nadhani lilikuwa likimkereketa tangu alipoingia.

"Na wewe? Wewe ulipokisoma, ulikionaje?"

Mwanamkuu alimtazama. Angeweza kusema uongo, na pengine uongo ungemwokoa. Lakini tangu utoto alikaa nyuma ya ukuta ule akisikiliza vitabu, na hakujua kusema uongo juu ya kitabu.

"Ni kizuri," akasema. "Nilipofika pale nililia. Nilimlilia yule mwanamke kabla sijakumbuka kwamba namjua."

Na Matano akatabasamu.

Hakukusudia. Ilimtoka tu, furaha ya mtu aliyengoja sifa hiyo maisha yake yote na sasa amepewa na yule anayemtaka. Ilidumu kidogo, kisha akaona aibu, akauinamisha uso. Lakini Mwanamkuu alikuwa ameshaiona. Alikuwa bado amepiga magoti. Aliinuka, akajipangusa vumbi, na kwa mara ya kwanza akamwita kwa jina.

"Matano. Haya niliyokwambia leo, ya Mzee Mwishehe kusimama nje akisubiri. Utayaandika?"

Ilimpasa aseme hapana tu. Neno moja, jepesi, hata la uongo. Mwanamkuu aliona anavyotaka kulisema, aliona na jambo jingine likipita machoni pake, likimchora yule mzee na makubadhi yake mbele ya mlango. Alichelewa.

"Hapana," akasema.

"Nenda nyumbani, Matano."

"Nimesema hapana."

"Nimekusikia. Nenda."

Matano alisimama muda mrefu, akaita jina lake, akaapa kwa mama yake. Mwanamkuu akafunga mlango wa ua, akaenda barazani alikokuwa baba yake, ambaye alikuwa na nakala yake magotini, ameshika ukurasa kwa kidole asije akaupoteza.

"Baba, nakuomba uwarudishie posa yao."

Mzee Kibwana alidhani hakusikia vizuri. Akauliza kama wamegombana. Akauliza kama kijana amemkosea adabu, maana kama amemkosea, yeye mwenyewe atakwenda na fimbo. Mwanamkuu akasema hapana. Hakuweza kumweleza, kwani kueleza kungekuwa kusema tena yale yale.

"Mwanangu, fikiri," mzee alisema, amechanganyikiwa kabisa. "Umekisikia kitabu hiki? Mtu anayejua moyo wa mwanamke namna hii, utampata wapi mwingine? Mtu aliyeandika haya hawezi kuwa mtu mbaya."

"Si mbaya, baba."

"Basi kitabu ndicho kibaya?"

"Kitabu ni kizuri."

"Sasa nini?"

Mzee alimngoja. Alipoona hasemi, akakifunga kitabu kwa masikitiko, akasema atampeleka mtu Kongowe kabla ya Ijumaa, ila ajue kwamba amemkataa mtu ambaye nchi nzima itamsoma.

Mwanamkuu akaenda uani. Mchele wa arusi ulikuwa bado kwenye nyungo, vile vile ulivyoachwa, na kuku walikuwa wameshaanza kuudonoa. Akawafukuza. Akaketi peke yake, akavuta ungo wa kwanza, akaanza kuuchambua, ingawa hakukuwa tena na mtu wa kuupikia.