Sufu Nyekundu Mwisho wa Mshipi

"Mto gani huo unaokatwa nyasi kwa mashine, Tobias?"

Tobias alikuwa bado amevaa buti za mpira, amesimama mlangoni mwa fleti ya Wangui, Kilimani. Fimbo ya kuvulia aliyorudi nayo ilikuwa tayari mikononi mwa mchumba wake.

"Nyasi ni nyasi, babe. Gatamaiyu si ni msitu mzima?"

"Msituni hazikatwi urefu mmoja."

Wangui alikwangua mshipi wa fimbo kwa ukucha. Vipande vya nyasi vikadondoka mezani. Kazi ya Wangui ilikuwa kuvunja zege kwenye maabara moja mjini, kujua litabeba uzito gani. Maneno ya watu aliyapima vivyo hivyo.

Jumamosi iliyofuata wazee wa kina Tobias walikuwa waende kumposa. Lakini kabla ya chai, Mzee Gerishon, baba yake Wangui, angemshusha Tobias mtoni kuvua samaki aina ya trauti, kama alivyowafanyia wakwe zake wote. Fimbo ile, mzee mwenyewe ndiye aliyemwazima. Ndiyo maana kila wikendi Tobias alikuwa "mtoni".

"Basi nifunze," Wangui akasema. "Nichukulie sijui kitu. Huu mnene ni nini?"

Tobias akavuta kiti. Kufundisha alikupenda.

"Huo ni mshipi. Sasa, chambo ndicho kizito. Ukikirusha, kinauvuta mshipi nyuma yake."

"Chambo ndicho kizito?"

"Eeh. Fizikia tu, babe."

"Na huu mwembamba wa mwisho?"

"Mshipi huohuo. Umechakaa tu."

Wangui akaiweka fimbo chini taratibu.

"Mshipi ndio mzito, Tobias. Chambo ni nzi wa manyoya, mdudu wa bandia; hana uzito, anabebwa. Huu mwembamba unaitwa lida, na haujachakaa. Umetengenezwa hivyo ili samaki asiuone. Na hiki kilichofungwa hapa?"

Kilikuwa kishungi cha sufu nyekundu.

"Hiyo si ndiyo nzi?"

"Ni sufu. Haina ndoano. Anayeanza hufungiwa hiyo arushe kwenye nyasi bila kujing'oa sikio. Mtoni hujawahi kufika."

"Nani amekuambia hayo yote?"

"Baba. Nimevua naye tangu darasa la nne. Miaka miwili ya uchumba, hukuwahi kuuliza."

Tobias akainamisha kichwa.

"Sawa. Nilimwogopa mzee wako. Nimekuwa nikijifunza kisiri, nisikuaibishe."

Uongo wa aina hiyo Wangui angeweza kuolewa nao.

"Ungejifunza kwangu. Wapi?"

"Kabiria. Kwa rafiki yangu Sammy."

"Sammy anaishi kwenye ploti, vyumba vya kupanga vilivyobanana. Uani kuna kamba za nguo na tangi la maji. Nyasi atoe wapi?"

Wangui akaligusa fundo lililoshika sufu.

"Nani alifunga fundo hili?"

"Mimi."

Wangui akalikata kwa mkasi, akamsogezea uzi na sufu.

"Funga."

Alifunga, likafunguka. Akarudia. Likafunguka tena.

"Mpigie mwalimu wako. Weka spika."

"Wangui, tusifike huko."

"Kama ni mwalimu tu, unaogopa nini?"

Akapiga. Sauti ya mwanamke ikapokea kabla mlio wa pili haujaisha.

"Tobi! Umemwambia?"

"Vero, ngoja kidogo..."

"Ningoje nini? Uliapa utamwambia leo kuwa mnaachana. Kila wikendi nakufundisha kurusha hapa kwangu, kumbe mazoezi ni ya kwenda kuposa? Mimi ni nani, kocha?"

Wangui akaivuta simu karibu.

"Ni Wangui hapa. Fundo lako ni imara, dada. Uliyemfungia ndiye mbovu."

Wangui akakata.

"Babe, yule ni mtu wa ofisini tu. Ana bustani kubwa Lavington, ndiyo sababu..."

"Toka."

"Na wazee? Wameshakodi gari!"

"Waeleze sababu. Wewe si hupenda kufundisha?"

Tobias aliponyoosha mkono kuchukua fimbo, Wangui akaizuia.

"Hii ni ya Baba. Yako ni hii." Akamwekea sufu kiganjani.

Mlango ulipofungwa, akampigia mzee.

"Baba, Jumamosi hakuna wageni. Tobias hajui kuvua."

"Aii, mtu hufundishwa, mama."

"Amefundishwa, Baba. Na mwingine."

Mzee Gerishon akakohoa.

"Maji ya mto ni mazuri wiki hii. Njoo na fimbo yangu."

Wangui akaufuta mshipi nyasi za Lavington, akafunga nzi mwenye ndoano. Akalivuta fundo kwa nguvu zake zote. Likashika.