Tempe ya Mkwe

Tangu Korona ilipofunga barabara, Sarwono alikuwa dereva asiye na basi. Asubuhi alianika nguo. Alimpa maji njiwa wake aliyekuwa ndani ya tundu. Kisha alikaa barazani na chai yake kumsikiliza njiwa akiimba, huku mkewe, Endah, akishona barakoa. Kusema kweli, hakuwahi kukaa nyumbani siku nyingi hivyo, na aliona raha.

Aliyekosa raha ni mama mkwe wake, Bibi Ginem. Alikuwa na miaka sabini na mmoja, na kisukari juu yake. Nesi alishaonya kwamba akipata Korona, itamwia vigumu kupona. Lakini kila asubuhi alijifunga batiki yake, akabeba kikapu, huyoo sokoni!

"Mama, wapi tena?" aliuliza Endah.

"Kununua tempe." Bila vile vipande vya soya iliyochachushwa na kukaangwa, kwake chakula hakikuwa chakula.

"Sokoni watu wamebanana, Mama!"

"Nimekula tempe tangu sijaota meno. Sasa yananitoka. Leo ndiyo niache?"

Endah alianza kulia. Sarwono akasimama mlangoni.

"Mama, nikikutengenezea tempe mimi, utakaa nyumbani?"

Bibi Ginem alimpima kwa macho toka juu hadi chini. "Wewe? Wewe unajua usukani tu."

"Nijaribu, Mama."

"Haya. Nitakaa mpaka Ijumaa ijayo. Nisipopata tempe ya kueleweka, nakwenda sokoni, na usinizibie mlango tena."

Basi Sarwono alinunua maharage ya soya na hamira ya tempe duka la jirani. Aliloweka, akachemsha. Maharage yakiwa bado moto na yakichuruzika maji, akayanyunyizia hamira. Akayajaza kwenye mifuko ya plastiki, akaifunga kwa nguvu. Juu akafunika blanketi zito, kama mtoto mwenye homa.

Jumatatu alifungua mfuko mmoja. Lo! Maharage yalikuwa yakiteleza kama kamasi, na harufu yake ilijaa nyumba nzima.

"Endah!" Bibi Ginem aliita toka chumbani. "Panya kafia wapi?"

Sarwono alitoka nje, uani, na mifuko yake. Aibu ilimjaa. Zilibaki siku nne tu.

Jirani yake, Bi Kusmi, alikuwa upande wa pili wa ukuta mfupi. Mama huyu alikuwa amefanya kazi ya kutengeneza tempe miaka ishirini. Alivuta barakoa yake juu ya pua.

"Baba, simama hapo hapo, usisogee. Hebu niambie. Ulitia hamira maharage yakiwa moto?"

"Ndiyo. Nilikuwa na haraka."

"Basi umeiua. Hamira ya tempe ni kitu hai. Uliyakausha?"

"Mh... yalikuwa na maji kidogo."

"Maji yanaleta uozo. Mifuko je, uliitoboa?"

"Nitoboe? Niliifunga kabisa, hewa isipite!"

Bi Kusmi alicheka mpaka akashika ukuta. "Masikini! Ukungu mweupe ndio unaoshikamanisha maharage yakawa tempe. Unapumua kama wewe. Umeuziba pua na mdomo!"

"Nikiikaanga sana haitafaa?"

"Haifai. Tempe ikiteleza na kunuka uozo, itupe. Usimpe mtu, usimpe kuku. Leo tunaanza upya. Mimi nitasema, wewe utafanya. Haraka haraka haina baraka."

Sarwono alinawa mikono kwa sabuni. Alichemsha maharage mengine, akayaloweka usiku kucha. Kesho yake aliyafikicha mpaka maganda yote yakatoka. Akachemsha tena hadi yakalainika, akayachuja, akayatandaza uani juu ya kitambaa safi.

"Sasa nitie hamira?"

"Yashike kwanza," alisema Bi Kusmi toka upande wake wa ukuta. "Unasikia joto?"

"Kidogo."

"Basi subiri."

Alisubiri mpaka yakapoa na kukauka. Ndipo akachanganya hamira kwa kijiko kikavu. Alijaza mifuko kwa unene wa vidole viwili. Endah alimpa pini, naye akaitoboa mifuko pande zote. Aliipanga juu ya chekecheke ili hewa ipite chini, mahali penye joto la kawaida. Blanketi alilirudisha kitandani.

Alhamisi asubuhi, tempe ilikuwa nyeupe pe! Ilikuwa imeshikamana, na ilinukia uyoga. Aliikata vipande, akaikaanga kwa vitunguu saumu na chumvi.

Bibi Ginem alikula kipande kimoja. Akachukua cha pili, kisha cha tatu.

"Chumvi haikutosha," alisema, akachukua cha nne.

Ijumaa batiki ya kutokea ilibaki msumarini. Simu ikalia. Alikuwa Bibi Parti, rafiki yake wa sokoni. Bibi Ginem alikwenda nayo barazani, na yeye akiongea na simu hupiga kelele.

"Siumwi! Nimekaa kwangu tu. Na wewe kaa kwako, sokoni kuna ugonjwa! ... Tempe ninayo. Anatengeneza mkwe wangu ... Mkwe gani mwingine? Huyo huyo Sarwono, niliyemkataa miaka mitatu asimuoe binti yangu! Sasa sikiliza, Parti. Nilikosea!"

Mtaa mzima ulisikia. Sarwono naye alisikia, akiwa jikoni, mikono imejaa maganda ya soya. Alishindwa kabisa kuficha meno.