Jua Lililoingia Stodio

Mama Picha alipiga picha za pasipoti. Stodio yake ilikuwa chumba kimoja: kigoda, pazia jeupe na dirisha linaloelekea magharibi. Ukutani alibandika kurasa za gazeti. Mwezi wenye mashimo. Sayari yenye pete. Jua lililoliwa upande.

"Hizi wamepiga watu," alimwambia bintiye. "Nami ni mtu. Leo jua likipatwa, napiga langu."

Bintiye, ambaye nyumbani aliitwa Maswali, akauliza, "Si litakuchoma macho?"

"Nimejipanga." Alifunga vipande vinne vya negativu nyeusi za filamu mbele ya lenzi.

Saa kumi alasiri alitoka nje na kamera. Akafumba jicho la kushoto. La kulia, jicho la kazi, akalisogeza kwenye kitundu cha kutazamia.

"Weka chini hiyo!"

Alikuwa Fundi Cheche, jirani anayechomelea mageti. Alikuja mbio, aproni inapepea.

"Shemeji, umenitisha! Kwani nimeiba?"

"Utaibiwa wewe, jicho. Mimi nikifumba jicho hili zima, uso wako siuoni. Naona masikio tu."

"Pole, umekosa mengi," Mama Picha alitania.

Fundi hakucheka. "Mara ya mwisho jua lilipopatwa nilikuwa kijana. Redioni walisema: msitazame. Basi! Kwa nini? Hawakusema. Tufanyeje? Hawakusema. Sisi wa kukatazwa tu. Nikatazama kwa negativu kama hizo. Sikusikia maumivu hata kidogo. Kesho yake nikaamka na doa katikati ya jicho. Halijatoka mpaka leo."

"Lakini hizi nyeusi tii!"

"Nyeusi kwako. Jua lina mwanga mwingine usioonekana. Huo unapita, unaunguza nyuma ya jicho, mahali pasipouma. Na lenzi inaukusanya, kama kioo kinavyochoma karatasi."

"Nipe basi kioo chako cha kuchomelea."

"Changu giza lake ni namba kumi. Hakitoshi. Kwa jua ni namba kumi na nne, nami sina."

Mama Picha alipandisha sauti. "Kwa hiyo tukatazwe tena? Wenye mitambo waone, sisi tujifungie?"

"Nani kasema ujifungie? Una chumba. Kifanye kamera!"

Waliziba dirisha kwa katoni. Fundi akaitoboa katoni kwa sindano, tundu moja tu. Wote wakalipa dirisha mgongo. Maswali alishika karatasi nyeupe, hatua nne kutoka dirishani. Duara la mwanga, sura ya jua lenyewe, likatua juu yake, dogo kama sarafu.

Wakangoja. Ukingo ukamegeka.

"Mama! Linaliwa! Nani analila?"

"Mwezi," Fundi alijibu. "Umekatiza kati yetu na jua. Hapo palipomegeka ndipo ulipo."

"Yaani nimeushika mwezi?"

"Usiudondoshe."

Habari zikaenea. Majirani wakaja, wakaingia watano watano. Fundi Cheche alisimama mlangoni, akamweleza kila mmoja sababu ya kutolitazama jua. Aliyeuliza mara mbili, alijibiwa mara mbili.

Ndani, duara lilibaki ukucha mwembamba wa mwanga. Mama Picha akatoa negativu kwenye lenzi. Akaielekeza kamera kwenye karatasi, akaweka jicho la kulia, taratibu, bila hofu.

"Maswali, usitikisike."

"Nipumue?"

"Baadaye."

Akabonyeza.