Aliyekaa Kwenye Kiti cha Mchoraji

Kiti kilikuwa kimelowa.

Gaudiosa alikuwa amepika na kufua katika nyumba ile ya Kihagara kwa miaka mingi, na aliyajua maji yake yote: ya kusafishia brashi, ya kuoshea dagaa wa usipa, ya paa lililovuja juu ya kitanda cha mzee. Haya yalikuwa maji ya ziwa. Yalikuwa yameacha mchanga mwembamba kwenye pembe za kiti, na yalinuka majivu yaliyozimwa.

"Mzee, nani kakaa hapa?"

"Mgeni wangu," alijibu Mzee Lusiani bila kuacha kuchora. "Amekubali kunikalia nimchore."

"Mgeni gani? Natoka ziwani sasa hivi, njia ni moja, sijapishana na mtu."

"Mtulivu ajabu, Mama Gaudiosa. Hajikuni hata pua."

Kwa Mzee Lusiani hiyo ndiyo ilikuwa sifa kubwa kuliko zote, na hapo hatuna budi kumweleza. Alikuwa Mfaransa, mtoto wa mwoka mikate, aliyepelekwa Paris katika chuo cha kuchora kwa njia ya kale. Mwaka wa kwanza hakugusa rangi. Alichora pua za plasta kwa mkaa. Pua, kisha sikio, kisha unyayo, mpaka mwalimu aseme basi. Ndipo akaletwa mtu hai, akae mbele yao wiki nzima bila kutikisika. Kisha rangi ya kijivu peke yake, kisha rangi ya ngozi, tabaka jembamba juu ya tabaka jembamba. Macho yalikuja mwisho kabisa. Ukianza na macho, mwalimu alisema, picha itakutazama wakati bado hujui unachofanya.

Alipata medali kwa picha ya mfalme aliyekufa akioshwa na binti zake. Majaji walisifu sana vidole vya miguu. Shida ni kwamba alikuwa amechelewa kuzaliwa kwa miaka kama mia hivi. Wenye fedha wote wa Paris walikuwa wakinunua miraba na mikwaruzo. Akachora kuta za hoteli, akachora vifuniko vya makopo ya biskuti, na mkewe akaondoka na mtu wa miraba. Mwishowe akaletwa Nyasa kuchora ziwa kwa ajili ya kalenda ya kampuni fulani ya meli. Kampuni ikafa kabla ya Januari, yeye akabaki. Mimi nimewahi kukwama nchi za watu kwa sababu za kipuuzi kuliko hiyo, kwa hiyo simcheki sana.

Halafu serikali ikafungua biashara. Wanunuzi binafsi wa kahawa wakapanda milima ya Umatengo na magari yao, wakulima wakashika fedha bila kusubiri chama cha ushirika, na parokia moja ya milimani ikaagiza picha ya Bikira Maria, kubwa, ya kutundikwa nyuma ya altare. Mzee alifurahi mpaka akanyoa ndevu. "Maisha yangu yote," alimwambia Gaudiosa, "watu wamepita mbele ya picha zangu wakienda mezani kula. Hii watapiga magoti."

Ila alihitaji mwanamke wa kumkalia, na wanawake wa Kihagara walicheka. "Nikae kitini toka asubuhi kama mgonjwa, nisimenye hata muhogo? Mama mkwe akipita?" Gaudiosa mwenyewe alijaribu asubuhi moja, akasinzia, akaanguka na kiti chake.

Ndipo ikaja ile hodi. Mwambao wote ule, hodi ya jua la utosini haijibiwi karibu. Unauliza kwanza, "Nani?" Asiyejitaja hana nafasi. Watoto hulijua hilo kabla ya kujua kuhesabu. Lakini karibu lilikuwa neno la kwanza la Kiswahili alilojifunza Mzee Lusiani, alilipenda kuliko mengine yote, na kwa miaka na miaka hakuwa na mtu wa kumwambia. Gaudiosa akiwa ziwani anafua, mzee alisikia hodi nyembamba mlangoni.

"Karibu," alisema. "Karibu sana."

Uso ukaanza kutokea kwenye turubai. Ulikuwa mzuri, wa mwanamke wa popote, na mahali pa macho pakiwa na kijivu kitupu. Gaudiosa hakumwona huyo mgeni hata mara moja. Alikuta kiti kimelowa tu, na nyayo zilizokuja kutoka mlangoni lakini hazikurudi.

Tapentaini ya kuzimulia rangi ilipoisha, walipanda Mbinga pamoja kwenye duka la Abdulmalik, aliyekuwa akimuuzia mzee rangi tangu alipofika.

"Karibu, dada yangu," alisema Abdulmalik. "Na huyu mgeni wako umemtoa wapi?"

Gaudiosa akacheka. "Acha utani. Mzee Lusiani huyu."

"Mzee Lusiani simjui? Si ndiye alinichora mimi, nikapendeza mpaka mke wangu akauliza ni nani?" Akamtazama mzee aliyesimama hatua mbili mbele yake. Tabasamu likamfifia. Akatazama pembeni, akamtazama tena.

"Usijali," mzee alisema kwa upole. "Paris nzima ilinisahau. Mbinga nayo inajitahidi."

Mzee alipotoka kwenda kutafuta gari, Abdulmalik aliinama juu ya kaunta na kushusha sauti. "Dada, yule mtu nikigeuza macho tu nasahau alivyo. Nenda kwa Bibi Tunu huko kwenu Kihagara. Ndiye aliyemtibu mke wangu. Usilale kwanza."

Njiani Gaudiosa alimwangalia mzee vizuri. Nyusi zilikuwa zimekwisha. Pua ilikuwa kama mkaa uliopanguswa kwa kidole gumba.

Bibi Tunu alipokea shikamoo yake na kuuliza jambo moja. "Kachora mpaka wapi?"

"Bado macho."

"Basi bado kuna mtu." Akasogeza kigoda. "Yule hana uso, mwanangu. Anayemkaribisha bila kumuuliza, humvua wake taratibu. Macho ya picha yakifunguka, mwenye uso amekwisha. Mkute amekaa, muulize lile swali lililosahauliwa. Hana la kujibu, ataondoka. Lakini mwenye nyumba asimkaribishe tena. Mtu anayetaka mwenyewe, sina dawa yake."

Siku iliyofuata Gaudiosa alijifanya anakwenda kufua, akazunguka na kujibana nyuma ya mlango wa jikoni. Jua likasimama utosini. Kuku wakanyamaza. Akasikia hodi, nyembamba kama ya mtoto anayeumwa, akasikia mzee akisema karibu kwa sauti ambayo hakuwahi kuisikia kwake, sauti ya kijana aliyevaa shati jipya, kisha akasikia nyayo zenye maji zikivuka sakafu, chwa, chwa, na kiti kikilia chini ya uzito uliokuwa mkubwa mno kwa nyayo zile, na harufu ya majivu ikaingia jikoni ikamjaa kooni mpaka akaona bora afie mbele kuliko nyuma ya mlango, akausukuma, akamwona mgeni kwa nyuma, kanga imemganda mwilini, maji yakidondoka kwenye vidole, na kwa sauti iliyomtoka kama si yake akauliza:

"Nani?"

Kichwa kikageuka. Hapakuwa na uso; palikuwa laini, peupe, kama turubai ambalo halijaguswa. Katikati ya weupe ule kitu kikajaribu kupasuka kiwe mdomo, kikashindwa. Kisha kiti kikawa kitupu, na maji yakaenda mlangoni yenyewe.

Mzee Lusiani aliweka brashi chini. Alikuwa analia.

"Umemfukuza."

"Alikuwa anakula uso wako, Mzee!"

"Miaka hamsini nimechora watu wanaotazama saa. Yule alikaa. Alinitazama mimi."

"Hana macho yule!"

"Ndiyo maana nampa."

Gaudiosa alimpigia magoti. Alimwomba waondoke wote wawili, waende kwa kaka yake milimani karibu na Mbinga, kuna chumba, kuna baridi nzuri, kuna watu wa kuwachora hata kama wanajikuna. Mzee alikubali. Alikubali haraka mno. Kesho yake asubuhi Gaudiosa akaenda Liuli kutafuta gari, gari likachelewa kujaza mafuta, na aliporudi jua lilikuwa utosini. Toka njiani alisikia, "Karibu. Karibu sana."

Alipoingia kulikuwa na ndala za mzee, miwani yake, na brashi mbichi. Picha ilikuwa imekamilika. Katika uso wa yule mwanamke palikuwa na macho ya kijivu ya mtu mzima, yenye uchovu na adabu, na yalimtazama Gaudiosa kama yanayomfahamu.

Parokia iliitundika. Watu walipiga magoti, wengine walilia. Aliyeichora, zaidi ya Gaudiosa, hakuna aliyemkumbuka. Hata Abdulmalik aliiondoa picha yake ukutani, akisema hajui ilitoka wapi. Gaudiosa alihamia kwa kaka yake, na kanisani akakaa benchi la nyuma, nyuma ya nguzo.

Msimu wa kahawa, mchana mmoja akiwa peke yake nyumbani, alisikia hodi. Ilikuwa ya mzee, yenye lafudhi ya mbali, ile ambayo haikuwahi kuiweza herufi ha.

"Nani?" aliuliza Gaudiosa.

Nje kulikuwa na pumzi. Ilikuwa inatafuta. Alisubiri, na jina lilikuwa mdomoni mwake, angeweza kumwazima. Lakini alipojaribu kuukumbuka uso wake, hakuona kitu.

Hodi ikarudiwa, kwa adabu, kama ya mtu asiyetaka kusumbua.

Hakusema karibu. Alibeba kiti, akakitoa kwa mlango wa nyuma, akakiweka barazani bila kuinua macho, akarudi ndani akafunga. Akamenya viazi. Jua lilipoinama, alitoka kuanua kahawa.

Kiti kilikuwa kimelowa, na kilinuka rangi, mafuta ya kitani na tapentaini. Alikifuta kwa upindo wa kanga. Kesho yake, kabla ya jua kufika utosini, akakitoa tena.