Bushi ya Shaba

Jumanne, tarehe 14 Machi 1995, saa nane na robo mchana, mvua nyepesi ikiwa imekatika na ziwa halitoi upepo wowote, injini iliyokuwa juu ya meza ya fundi Luhaga, mtaani Mirongo, iligonga mara kumi na mbili. Haikuwa na plagi wala kabureta. Silinda yake ilikuwa imelazwa kando, juu ya gunia.

"Kumbe imeshapona," alisema Apolinary, mwenye pikipiki. "Inaongea."

"Ni bati linapoa," alijibu Luhaga, ingawa sauti haikutoka juu.

Apolinary alikuwa daktari wa mifugo aliyepunguzwa kazini serikalini mwaka uliotangulia. Sasa alitibu ng'ombe kwa kujitegemea katika vilima vya Usagara, na kwa safari hizo alinunua pikipiki ya mzungu ambaye mradi wake ulifungwa: nyepesi, isiyo na kiti cha maana, iliyoundwa kwa mashindano ya kupanda miamba. "Hii ni mbuzi," alipenda kusema. "Unasimama juu yake na kumwomba Mungu."

Injini yake ya mipigo miwili ilikuwa imechakaa. Luhaga aliitengeneza kwa utaratibu wake wa siku zote. Kwanza alichonga silinda. Pili alitafuta pistoni iliyotumika, kubwa zaidi kwa nusu milimita. Tatu alipiga tupa ncha za ringi hadi nafasi ikawa sawa. Ilibaki bushi ya konrodi, ile pete ndogo inayobeba pini ya pistoni. Mpya ilipaswa kuagizwa Nairobi, na Apolinary hakuwa na uwezo huo. Luhaga aliamua kuikereza mwenyewe kwa shaba aliyokuwa nayo.

Shaba hiyo ilikuwa bangili ya marehemu mama yake, nene kama kidole gumba, iliyokaa katika mkono wake wa kulia tangu alipoolewa. Mama aliusia iwe ya Paskazia, binti yake mkubwa. Siku ya kuanua matanga, Paskazia alipoiulizia, Luhaga alimwambia imezikwa pamoja na mama. Miaka miwili ilikaa katika kopo la nati. Jumanne ya tarehe 7, saa nane na robo, aliibana kwenye jiliwa akaikata kwa msumeno wa chuma. Kipande kimoja kikawa bushi. Kilichobaki kilikwenda kwa wanunuzi wa vyuma chakavu.

Jumatano, tarehe 15, aliifunga injini, akaipachika, akachanganya petroli na oili, akapiga kiki. Iliwaka mara moja. Saa nane na robo ilianza kugonga, naye akaizima, lakini iliendelea kugonga ikiwa imezimwa, mara thelathini na moja, na kutoka katika bomba la moshi ikaja harufu ya samli, ile samli ambayo mama yake aliipaka mkononi kila Jumapili kabla ya kwenda misani.

Mkewe, Modesta, alisimama mlangoni akiwa ameshika kikombe.

"Hiyo harufu ni ya mama," alinong'ona.

"Nyamaza."

"Na mkono wako una nini?"

Kuzunguka kifundo cha mkono wa kulia kulikuwa na mstari mwekundu, mwembamba kama unywele. Luhaga aliupima kwa kipimo chake cha venia: nusu milimita kwenda chini. Haukutoa damu. Haukuuma.

Alhamisi aliifungua injini yote na kuitoa bushi, akaitia katika kopo, akalifunika kopo kwa tofali, akakaa mbali nalo kiasi cha hatua ishirini, na ilipofika saa nane na robo mlio wa kugonga ulisikika chini ya tofali, wa taratibu, wa kwenda na kurudi, kama mtu mwenye subira anayefanya kazi asiyoipenda lakini aliyeazimia kuimaliza, na kwa kila pigo alihisi kitu chenye meno madogo kikipita juu ya mfupa wake, mara hamsini na nane, hadi mstari ule ukawa mfereji na kidole kidogo kikaacha kumtii.

Jioni Modesta alimleta mzee Ngosha, mganga. Mzee alilinusa kopo bila kuligusa.

"Mtoe, mzee wangu," Luhaga alisihi. "Bila mkono huu mimi si fundi."

"Nimtoe wapi? Amekaa kwenye mali yake. Nenda kwa yule uliyemdanganya. Akikubali kuipokea, pengine mama yako atakusikia."

Ijumaa, saa nane kamili, Luhaga alifika Butimba kwa dada yake. Paskazia alikuwa mezani, anachambua mchele.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Leo umepotea njia?"

Aliiweka bushi mbele yake na kusema yote, kwa mpangilio, bila kuruka kitu. Paskazia aliusogeza ungo pembeni.

"Miaka miwili namwota mama ananinyooshea mkono mtupu," alisema. "Nikadhani nimemkosea mimi. Nimechinja kondoo wawili kumtuliza. Ulikula nyama yao, Luhaga. Ukasema imeiva vizuri."

"Nisamehe, dada. Ipokee."

"Naipokea." Aliichukua, akaiweka kiganjani. "Msumeno uliuvuta mara ngapi?"

Luhaga, ambaye alipima kila kitu, hakujua.

"Yeye anajua," alisema Paskazia. "Ameshafika wapi?"

"Kumi na mbili. Thelathini na moja. Hamsini na nane."

"Mia moja na moja."

Saa ya ukutani ilionyesha saa nane na robo. Harufu ya samli ilijaa chumbani, na bushi ikaanza kugonga katika kiganja cha Paskazia.

"Itupe, dada. Itupe ziwani."

"Uliniomba niipokee. Weka mkono mezani, usije ukaumia ukianguka."

Akaanza kuhesabu kwa sauti ya mtu anayepima nafaka sokoni: mia moja na mbili, mia moja na tatu. Luhaga alitaka kukimbia, lakini mkono ulikuwa mzito juu ya mbao kama uliobanwa kwenye jiliwa. Kwenye mia moja na hamsini vidole vilikuwa vyeupe. Kwenye mia mbili alikuwa analia kama mtoto, akimwita mama, na Paskazia hakuongeza mwendo wala hakuupunguza, hata pale kiganja cha kulia kilipobaki peke yake juu ya meza, kikavu, bila tone la damu, na mlio ukakoma.

"Mia mbili na kumi na saba," alisema.