Mizizi ya Bure

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shuleni, Mujinga alimsaidia mama yake kukoroga uji wa mahindi katika ua wao, katika mtaa uitwao Kenia mjini Élisabethville, Kongo, siku zile za Wabelgiji. Uji ulipopoa, mama Adolphine alitia mizizi iliyopondwa, na kesho yake uji uligeuka munkoyo, kinywaji kitamu ambacho wafanyakazi walikigombea walipotoka kazini. Munkoyo ndio uliomvika Mujinga sare na kumlipia shule. Baba yake alikwisha kufariki, na masista wenye shule hawakusomesha mtu bure kwa kumwonea huruma.

Mama Adolphine alikuwa mtu wa Kasai, kule jina la Mujinga lilikotoka, na kwao munkoyo haukujulikana. Alifundishwa na jirani yake, mama Chileshe, mtu wa kabila la Wabemba aliyekijua kila kichaka. Kila Jumamosi mama Chileshe alikwenda porini kuchimba mizizi, akarudi na mafungu mawili: moja la munkoyo wake mwenyewe wa kuuza, moja la jirani. Hakuwahi kuomba hata faranga moja.

Siku moja mbuzi wa mama Chileshe aliruka uzio akaupindua mtungi mkubwa. Mtungi ukapasuka, munkoyo wote ukanywewa na mchanga. Mama Chileshe alikuja mbio, akaomba radhi, akaahidi kulipa mtungi mwisho wa mwezi. Mama Adolphine alikuwa karibu kukubali.

Mujinga ndiye aliyemzuia. Darasani alikuwa wa kwanza katika hesabu, na mtoto wa kwanza darasani mara nyingi hudhani ni wa kwanza kila mahali. Akahesabu mbele ya majirani: mtungi, unga, kuni, mauzo ya siku nzima.

"Mama, anapashwa kulipa byote," alisema. "Tumupeleke ku tribinali. Mi niliona ile mbuzi na macho yangu."

Majirani wakamsifu kwa akili yake, na sifa zikamlevya mama pia. Wakaenda kushtaki.

Kesi iliahirishwa tena na tena. Kila walipoitwa, ua ulilala bila munkoyo, na Mujinga alikosa masomo. Hakujali. Alipenda kuitwa shahidi na kukaa benchi moja na watu wazima. Mwishowe waamuzi wakasema mama Chileshe alipe kila kitu kilichotajwa, na juu yake gharama za kesi. Mama Chileshe akamuuza mbuzi wake, akalipa yote. Mujinga alirudi nyumbani kichwa juu.

Jumamosi iliyofuata mama Chileshe alirudi kutoka porini na fungu moja tu.

Mama Adolphine alianza kununua mizizi sokoni, na bei yake ilikuwa kali. Faranga za mtungi zikayeyuka. Alipopandisha bei ya kikombe, wateja walivuka njia wakanywa kwa mama Chileshe. Shule zilipokaribia kufunguliwa, hakikuwapo cha kuwapelekea masista. Basi mama alimeza aibu yake, akamchukua Mujinga, wakaenda kubisha kwa jirani.

Mama Chileshe aliwapa viti, akatoa fungu la mizizi, akataja bei. Ilikuwa bei ileile ya soko.

"Lakini mbele ulikuwa unanipatia bure," mama Adolphine alisema kwa sauti ndogo.

"Haikukuwa bure, mama. Wakati mutoto wangu alikuwa mugonjwa, ni weye ulilala naye ku lopitalo. Haukunilipisha. Na miye sikukulipisha. Kisha mukaanza kupiga hesabu." Alifunga mizizi vizuri kwa kamba. "Njo vile na miye nahesabu: miguu yangu, mugongo yangu, siku yangu ku pori."

Mama Adolphine alilipa, akashukuru. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, naye alilijua hilo.

Walipofika uani, Mujinga aliuliza habari ya shule, ingawa jibu alikuwa nalo tayari. Mwaka ule hakurudi. Machozi yalimtoka, na mama hakumkataza kulia.

"Ulihesabu mutungi, unga na kuni," mama alimwambia. "Ulihesabu muzuri. Kitu yenye ilikuwa inatulisha, haukuihesabu, sababu hakuna muntu alikuwa anatulomba feza yake. Lakini weye mutoto. Miye njo mukubwa, nilipashwa kuiona, na sikuiona. Ile siku nyingine utapenda kushitaki muntu, usiulize tu kama utashinda. Uulize: nikishinda, nitabakia na nini?"

Kisha akamwaga mizizi juu ya jiwe, akampa mchi. Mujinga alipangusa uso wake, akaanza kuponda.